Pikipiki inazima kila ikilowa maji? Anzia hapa kabla ya kuita fundi

Umebeba abiria kutoka Makere kwenda Kasulu mjini, mvua imewakuta njiani. Mnapita dimbwi moja tu, pikipiki inakohoa mara mbili, inazima. Unapiga kiki mpaka mguu unachoka, wapi! Abiria anahamia kwa mwenzako, na jioni bosi anataka hesabu yake ile ile.

Kwa bodaboda wa Kasulu na Kibondo hili si jambo dogo. Mvua za Kigoma hushika kasi kuanzia Oktoba au Novemba hadi kuelekea Mei. Mradi wa lami wa Kabingo–Kasulu–Manyovu, wa takriban kilomita 260, umeibadilisha barabara kuu, lakini safari nyingi za vijijini bado ni za tope jekundu na madimbwi. Na siku nyingine uliyembeba ni mama mjamzito anayewahishwa zahanati.

Habari njema ni kwamba mara nyingi tatizo ni dogo na unaweza kulimaliza mwenyewe.

Kwa nini maji yanazima injini?

Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: moto wa plagi, mafuta na hewa. Maji yakivuruga kimoja tu, inazima.

Anayeumia kwanza huwa ni moto. Umeme unaokwenda kwenye plagi ni mkali sana, unazidi volti 10,000. Waya ukiwa na ufa au kofia ya plagi ikiwa imelegea, maji machafu yanaupa umeme njia ya mkato kwenda kwenye chuma cha injini. Plagi haipati kitu.

Ndiyo maana pikipiki hiyo hiyo ikikauka inawaka kama kawaida, na fundi anakwambia haoni ubaya wowote.

Kwanza jiulize: ilizima vipi?

- Ilizima ghafla, kama umezima swichi: shuku umeme.
- Ilikosakosa, ikapoteza nguvu, kisha ikazima: inaweza kuwa kofia ya plagi, au maji kwenye mafuta.
- Inazima ukiwa ndani ya maji, ukitoka inawaka: angalia mipira midogo ya kupumulia ya kabureta. Ncha zake zikizama, mafuta hayashuki vizuri.
- Ilizima kwenye maji marefu na sasa kiki imegoma kushuka: acha kabisa kupiga kiki. Soma sehemu ya "Maji yameingia ndani" hapa chini.

Hatua za kufuata barabarani

1. Kofia ya plagi. Zima swichi, sukuma pikipiki mpaka mahali pakavu. Chomoa kofia, ifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu, futa pia sehemu nyeupe ya plagi. Rudisha mpaka ikae sawasawa. Washa. Mara nyingi safari inaendelea hapo hapo.

2. Pima moto. Ikigoma, fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, kisha ilaze igusane na chuma cha injini, mbali na tundu ilikotoka. Usiishike kwa mkono mtupu, na usifanye hivi kama kuna petroli inavuja. Washa swichi, piga kiki. Cheche ya bluu yenye nguvu ina maana moto upo. Ikiwa ya njano na dhaifu, au hakuna kabisa, tatizo liko kwenye plagi, kofia, waya, koili au CDI.

3. Soketi na swichi. Kagua soketi za koili na CDI, swichi ya kuzimia kwenye usukani, na swichi ya stendi kama pikipiki yako inayo. Chomoa, pangusa, kausha, rudisha. Ukiona ukungu wa kijani kwenye vyuma vya soketi, hiyo ni kutu ya shaba, isafishe.

4. Mafuta. Moto ukiwepo, nenda kwenye kabureta. Subiri injini ipoe, hakikisha hakuna sigara wala moto karibu. Legeza skrubu ya chini ya kabureta na ukinge mafuta kwenye chupa inayoonyesha. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini kama matone. Yakionekana, endelea kumwaga mpaka yatoke mafuta matupu.

Ukinunua petroli ya chupa vijijini, fanya jaribio hilo hilo: iache itulie dakika chache, utazame chini ya chupa.

5. Chujio la hewa. Fungua boksi lake. Likiwa limelowa, injini haipumui. La sponji likamue taratibu bila kulichana. La karatasi likilowa chapachapa, badilisha. Usiendeshe bila chujio, maana vumbi na mchanga vitakula injini.

Jaribio la usiku

Tatizo likijirudia bila kujulikana, subiri giza. Washa injini mahali penye hewa, nyunyiza maji kidogo kwenye waya wa plagi na kofia, kisha tazama bila kugusa. Ukiona vicheche vya bluu vinaruka kutoka kwenye waya, umepata mwizi wako. Badilisha waya au kofia. Kofia mpya ni nafuu kuliko kupoteza siku nzima ya kazi.

Maji yameingia ndani

Maji hayabanwi kama hewa. Yakijaa kwenye silinda halafu ukalazimisha injini izunguke, unaweza kupinda koni. Toa plagi kwanza, piga kiki taratibu ili maji yatoke kwenye tundu, huku ukikaa pembeni.

Kabla ya kuwasha, angalia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Hapo usiwashe. Ibebe hadi gereji, mwaga oili na uweke mpya.

Kinga kabla ya mvua

- Badilisha kofia na waya wa plagi vyenye nyufa.
- Paka grisi ya silikoni ndani ya mpira wa kofia na kwenye soketi.
- Usifunge nailoni kwenye injini, inayeyuka. Kipande cha tyubu juu ya kofia ya plagi ni bora zaidi.
- Ukiosha kwa mashine ya presha, usielekeze maji kwenye plagi, soketi na chujio.
- Hakikisha tundu la hewa kwenye mfuniko wa tangi halijaziba kwa tope.

Pikipiki za mfumo wa sindano hazina kabureta. Kwa hizo, ishia kwenye plagi, soketi na chujio, mengine mwachie fundi mwenye kipimo. Bajaji, guta na pikipiki za magurudumu manne zenye injini ya petroli zinakaguliwa kwa mtiririko huu huu.

Mto ukijaa, subiri

Hakuna hesabu ya bosi inayozidi uhai. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini ya maji ya tope huwezi kujua kama daraja bado lipo. Mtu akisombwa, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ukishavuka dimbwi salama, bonyeza breki taratibu mara kadhaa zikauke. Usisubiri ng'ombe akatize barabara ndipo ugundue hazishiki.