Lodwar: Nyumba Zilitangulia, Barabara Zikachelewa

Hebu niulize kitu, wasee. Mbona ukitaka kutoka mtaa mmoja wa Lodwar hadi mwingine, mara nyingi lazima kwanza urudi kwa lami? Bei ya boda inapanda, na nyumba unayoenda unaiona kwa macho!

Jibu liko kwenye historia. Enzi za mkoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, huingii bila kibali. Mwaka wa 1959 Jomo Kenyatta aliletwa Lodwar kuzuiliwa. Mji wa kuficha watu ulikuwa na haja gani ya kupangiwa mitaa?

Miaka ya 1980 ikaja barabara ya kutoka Kitale, kwa pesa za Norway. Maduka na nyumba zikaifuata. Halafu 2013 ugatuzi ukafanya Lodwar makao makuu ya kaunti. Kazi zikaja, watu wakaja, kila mtu akazungushia ploti yake ua. Nani aliacha njia ya jirani kupita? Ongeza Turkwel na lugga ya Kawalase. Ukiwa Kanamkemer, mjini ni ng'ambo ya Turkwel, na mvua ikinyesha milimani ndiyo unajua umuhimu wa daraja.

Kilomita kama 120 kaskazini-magharibi kuna hadithi nyingine. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992 kwa wakimbizi, wengi wao vijana kutoka Sudan. Ilikuwa iwe ya muda tu. Imepita miaka zaidi ya 30, na leo ina masoko na biashara kama mji wowote. Ndiyo maana Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016, ilianza tofauti: kaunti na UN-Habitat walichora barabara, masoko na shule mapema, wakimbizi na wenyeji waishi pamoja.

Sisemi Kalobeyei ni paradiso. Mstari kwenye ramani haukupi lami wala kazi. Lakini njia ikitengwa mapema, hakuna atakayebomolewa nyumba ndio ipite.

Na hapo ndipo Lodwar bado ina nafasi. Pembezoni mwa mji kuna ardhi tupu, nyingi ikiwa ya jamii. Kutenga njia leo ni kuweka vigingi na kukubaliana na wazee. Tukingoja miaka kumi, itakuwa fidia, kesi kortini na tingatinga mlangoni kwa mtu. Vijana, siku kaunti itaita kikao cha maoni kuhusu ramani ya mji, nendeni. Ulizeni swali moja tu: njia iko wapi?