Njia ya Baiskeli Iliyorithi Reli ya Monterey

Garimoshi halipendi mlima. Ndiyo maana anayeendesha baiskeli kando ya ghuba ya Monterey, katika jimbo la California nchini Marekani, hachoki upesi. Njia ya burudani ya pwani ina urefu wa karibu kilomita 29, kutoka Castroville hadi Pacific Grove, na kipande chake kizuri zaidi, cha kuanzia Seaside, kinapita juu ya tuta la reli ya zamani ya kampuni ya Southern Pacific. Kona zake ni pana na miinuko yake haihisiki. Wageni huisifu kwa mawimbi na sili. Mwenye kutaka historia na aulize jambo jingine: ardhi hii ilikuwa mikononi mwa nani?

Reli ya kwanza waliijenga wakulima. Mwaka 1874 wazalishaji wa ngano wa bonde la Salinas walitandika reli nyembamba hadi bandari ya Monterey, wapate kukwepa nauli za Southern Pacific. Mwaka 1879 reli hiyo ikaangukia mikononi mwa kampuni ile ile waliyoikimbia. Waliruka majivu, wakakanyaga moto.

Southern Pacific haikuja kwa ajili ya ngano peke yake. Charles Crocker, mmoja wa matajiri wake wanne wakuu, alifungua Hoteli ya Del Monte mwaka 1880, naye abiria akapata sababu ya kukata tiketi. Kampuni dada, Pacific Improvement, ikajinunulia maelfu ya ekari za rasi ya Monterey. Mwaka 1889 reli ikasogezwa hadi Pacific Grove, mji ulioanza mwaka 1875 kama kambi ya ibada ya Wamethodisti.

Lakini kando ya mji huo, kwenye miamba ya Point Alones, palikuwa na wenyewe. Wavuvi Wachina walifika pwani hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 1850 pamoja na wake zao na watoto, wakajenga nyumba za mbao ukingoni mwa maji. Wavuvi Waitaliano walipoanza kugombea nao samaki wa mchana, wao wakahamia usiku: waliwasha kuni ndani ya vikapu vya chuma ubavuni mwa mashua, mwanga ukawavuta ngisi, nyavu zikashushwa. Ngisi hao walianikwa juani, wakasafirishwa hadi China. Majirani wakalalamikia harufu. Hapohapo magari ya farasi ya hoteli yakawapitisha wageni kutazama kijiji, kwa hiyo Wachina wakawa kero na kivutio kwa wakati mmoja. Na tusisahau utajiri wa Crocker ulitoka wapi: ndiye aliyesimamia ujenzi wa reli ya Central Pacific kuvuka milima ya Sierra Nevada, kazi iliyofanywa na maelfu ya vibarua Wachina.

Pacific Improvement ilitaka Wachina hao wahame. Tarehe 16 Mei 1906, wiki nne baada ya tetemeko la San Francisco, moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji. Eneo likawekewa uzio, na waliotaka kujenga upya wakazuiwa. Baadaye Chuo Kikuu cha Stanford kilihamishia hapo kituo chake cha utafiti wa bahari, Hopkins. Leo mwendesha baiskeli akichungulia kupitia uzio wa kituo huwaona sili wamejilaza ufukweni.

Viwanda vya sadini vya Cannery Row vinafahamika zaidi, kwa sababu John Steinbeck aliviandikia riwaya mwaka 1945. Sitakaa sana hapo. Itoshe kusema kwamba reli ilibeba makopo, samaki wakaadimika, viwanda vikafa kimoja kimoja, na mwaka 1984 akwariamu maarufu ikafunguliwa mahali pa kiwanda cha Hovden. Ila pana sanamu ndogo ya kichwa kwenye kivuko cha mtaa wa Drake ambayo inafaa usimame uitazame. Ni ya Ed Ricketts, mtafiti wa viumbe wa bahari na rafiki wa Steinbeck. Mei 1948 gari lake liligongwa hapo na treni ya abiria ya Del Monte, akafariki siku chache baadaye. Wapita njia humwekea maua.

Treni hiyo ilifanya safari yake ya mwisho mwaka 1971. Kwa upande wa Monterey na Pacific Grove mataruma yaling'olewa, lami ikamwagwa. Kaskazini zaidi, karibu na Sand City, reli zenye kutu bado zinaonekana mchangani.

Basi ukipita kwenye uzio wa Hopkins, shuka kwenye baiskeli, ukumbuke kijiji kile. Halmashauri ya mji wa Pacific Grove iliwaomba radhi rasmi Wamarekani wenye asili ya China mwaka 2022, miaka 116 baada ya moto.