Kasongo ya Zamani: Mji wa Michungwa na Papasi

Watu wengi wakisikia jina la Kasongo hukumbuka mara moja Tippu Tip, bunduki na minyororo. Hawakosei. Lakini leo twataka kuuliza neno jingine, ambalo waandishi wa historia hulipita upesi: je, mji ule ulikuwa mahali pazuri pa kukaa? Hewa yake ilikuwaje, watu walipumzika wapi jua likitua, na nani aliyelipa gharama ya starehe ile?

Tuanze na nchi yenyewe. Ukitoka Kindu kwenda kusini, msitu mkubwa wapungua kidogo kidogo, na mbuga za majani zaanza. Ndiyo hali ya Kasongo: mguu mmoja msituni, mwingine mbugani. Mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, lakini mwezi wa sita mpaka wa nane ni kiangazi. Majani hukauka, moto hupita mbugani, na usiku mtu hutafuta blanketi. Upande wa mashariki, kwenye njia ya Kabambare, nchi yapanda vilimani, na hewa ina ubaridi kidogo kuliko kando ya Lualaba.

Kabambare yajulikana tangu safari za Livingstone, ambaye aliiandika Bambarre. Alifika mwezi wa Septemba 1869. Tena tangu Julai 1870 mpaka Februari 1871 alikaa pale bila kupenda, maana miguu yake ilijaa vidonda hata asiweze kutembea. Alipopona akaenda Nyangwe, kando ya mto. Huko alipenda kutembelea soko na kutazama watu. Aliona ya kuwa wanawake hawakuja kwa sababu ya samaki na mihogo tu. Walikuja kubishana bei, kutaniana, kucheka na kupata habari za vijiji vya ng'ambo. Soko ndilo lililokuwa starehe yao. Hatuoni ajabu, maana hata leo mama atatembea saa tatu kwenda sokoni na kikapu kimoja, na ukimwambia mwenzake atamwuzia kile kikapu, atakasirika.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanya biashara wakafyatua bunduki katikati ya soko lile, lenye watu wapatao 1,500. Wengi wakajitupa mtoni wakazama. Warabu wenyewe walikadiri waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone hakutaka tena kukaa Nyangwe, akarudi Ujiji.

Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 1875, Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, akaifanya Kasongo makao yake, na mji ukakua kuliko Nyangwe. Habari zake nzuri kabisa tumeachiwa na daktari Mwingereza, Sidney Hinde, aliyeingia Kasongo pamoja na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, walipomfukuza Sefu, mwana wa Tippu Tip. Hinde alikuwa vitani, lakini kalamu yake yasahau vita anapofika kwenye bustani. Msitu ulikuwa umekatwa pande zote kwa maili nyingi. Palikuwa na miwa, mahindi, mapera, mananasi, ndizi na makomamanga. Anasema alipanda mnyama wake akapita katika shamba moja tu la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu. Chumba alichokitwaa kilikuwa na urefu wa futi 80 na upana wa futi 15. Mlango wake ulifunguka kwenye bustani ya michungwa, na kutoka hapo macho yaliweza kuona mbali maili tano. Askari wa kawaida walilala juu ya magodoro ya hariri, kwenye vitanda vilivyochongwa, na vyandarua juu yake.

Tazameni akili ya watu wa pwani katika jambo hili. Walijua kuishi katika nchi ya joto. Waliweka baraza mbele ya nyumba, mahali pa kupokea wageni, kucheza bao na kungoja upepo wa jioni. Walipanda miti ya matunda karibu na mlango. Chandarua walikitumia kabla Ross hajaonyesha, mwaka 1897, ya kuwa malaria husafiri ndani ya mbu.

Lakini nani alikata msitu ule? Nani alisimama matopeni katika shamba la mwendo wa saa moja na nusu? Watumwa. Wengine walibaki kulima, na wengine walipelekwa kwa njia ya Kabambare mpaka Tanganyika, shingo ndani ya miti. Kivuli cha mchungwa kilikuwa cha bwana mmoja. Jua lilikuwa la watu elfu. Mtu akisifu Kasongo ya zamani asisahau hesabu hiyo. Walakini mpunga wenyewe ulibaki, na hata sasa ni chakula cha Maniema.

Tena mji ule mzuri ulikuwa na adui asiyeonekana mchana. Mwaka 1903 madaktari wa chuo cha Liverpool walifika Kongo kuchunguza ugonjwa wa malale. Wawili kati yao, Joseph Everett Dutton na John Todd, wakapanda mto, wakachunguza pia homa inayompata mtu, ikamwacha siku chache, kisha ikarudi. Waligundua ya kuwa huletwa na papasi, ambaye huku Kongo huitwa kimputu. Mdudu huyu hakai majini wala majanini. Hujificha ndani ya udongo wa sakafu na nyufa za ukuta, akatoka usiku kumnyonya aliyelala chini. Papasi huenea kwa kubebwa ndani ya mikeka na mizigo ya wasafiri. Tena waliona ya kuwa hata watoto wake waliotoka mayaini waweza kuleta homa, bila kunyonya mgonjwa yeyote kwanza. Basi nyumba ikiachwa tupu kwa kitambo bado ina hatari.

Wote wawili wakashikwa na homa ile ile. Todd alipona. Dutton alifika Kasongo, akafa pale tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu cha homa hiyo huitwa kwa jina lake mpaka leo, Borrelia duttonii. Mwezi wa Juni mwaka ule ule Tippu Tip naye alikufa, kitandani mwake Unguja.

Mji wa Kasongo wa sasa uko mahali pengine. Pale pa zamani paitwa Tongoni, na kila ajuaye Kiswahili ataelewa, maana tongo ni mahali palipohamwa. Mwaka 2020 Noemie Arazi na wenzake, pamoja na Wakongo, walichapisha habari za uchunguzi wao wa Maniema katika jarida la Antiquity. Walitafuta mabaki ya zama zile ardhini, na tena wakawauliza wenyeji wanakumbuka nini.