Kuhamishwa kwa Wagiriama kutoka ng'ambo ya Sabaki

Kuhamishwa kwa Wagiriama kutoka ng'ambo ya Sabaki ni mpango wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, uliotekelezwa kwa nguvu mwaka 1914, wa kuwaondoa Wagiriama kwenye makonde yao kaskazini mwa mto Sabaki, bara ya Malindi, na kuwarudisha kusini katika eneo walilotengewa. Historia ya upinzani dhidi ya mpango huo husimuliwa zaidi kwa jina la Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeuongoza, na ni haki yake, lakini bila kuielewa ardhi yenyewe hatuelewi alichokuwa akikipigania.

Wagiriama, mojawapo ya makabila tisa ya Mijikenda, walivuka mto kwa wingi kuanzia miaka ya 1890. Ng'ambo walipata ardhi yenye rutuba. Mahindi na mtama wao vilinunuliwa na wafanyabiashara wa Malindi na kusafirishwa kwa majahazi. Mwenye ghala lililojaa haendi kuwa kibarua, na serikali ilitaka vibarua kwa ajili ya mashamba makubwa ya Wazungu. Tayari Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilikuwa imefungua njia ya hatimiliki katika ukanda wa pwani. Waarabu na Waswahili wengi walidai ardhi na kupewa, Wamijikenda karibu wote wakaachwa nje, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji la Uingereza.

Mwaka 1912 ofisa wa kikoloni Arthur Champion aliletwa kusimamia Wagiriama, kodi ya nyumba na uandikishaji wa vibarua. Mwaka 1913 watu walikusanyika Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama. Huko wanawake walikula kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi: hakuna kodi, hakuna kazi ya Mzungu, hakuna kuwatii wazee walioteuliwa na serikali. Mekatilili na mzee Wanje wa Mwadorikola, walioongoza upinzani huo, wakakamatwa na kupelekwa Kisii, magharibi mwa Kenya. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka na kurudi pwani kwa miguu.

C. W. Hobley, mkuu wa jimbo, alishikilia kwamba ng'ambo ihamwe. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Kulipua mahali patakatifu ili kuvunja kiapo ni kitendo ambacho Wagiriama hawajakisahau. Askari wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) walichoma nyumba na kutwaa mbuzi. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe vibarua 1,000.

Uhamisho haukudumu. Kuhamwa kwa makonde hayo kulipunguza nafaka iliyokuwa ikiingia Malindi, njaa ikafuata, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu waliruhusiwa kuvuka tena. Mekatilili na Wanje, waliokuwa wamekamatwa na kuhamishwa tena mwaka 1914, walirejea 1919. Hata hivyo, waliorudi hawakupewa hati. Hatimiliki za kikoloni zilirithiwa na Kenya huru mwaka 1963, na hadi leo familia nyingi za Kilifi huitwa maskwota kwenye ardhi wanayoilima.