Magari ya mbio ndani ya Linux: nani anashika ufunguo?

Wengi wetu tunajua Linux kama chombo cha seva na cha masomo. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991, wakati alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki. Kwa kazi ilipita vizuri. Kwa michezo, na zaidi ile ya kuiga mbio za magari, ilikuwa shida kweli.

Juu ya nini? Mchezo kama huo unapiga hesabu nyingi kila sekunde: uzito wa gari, namna matairi yanashika barabara, nguvu ya breki. Tena unapaswa kuongea na usukani ulio mezani. Kampuni ziliandikia Windows, kwa sababu wanunuzi walikuwa kule. Watu wa Linux wakatafuta njia, na zilipatikana tatu.

Njia ya kwanza ni kujijengea. Mwaka 1997, Wafaransa wawili, Eric Espié na Christophe Guionneau, walianza TORCS. Programu yake iko wazi: mtu yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Njo maana wengine waliichukua wakazaa Speed Dreams. Na si wachezaji tu: mwaka 2016 watafiti wa DeepMind walichapisha kazi ambamo kompyuta ilijifunza kuendesha gari ndani ya TORCS kwa kutazama picha tu.

Njia ya pili ni kampuni kuhamisha mchezo yenyewe. Feral Interactive ya London ilileta GRID Autosport kwenye Linux mwaka 2015, kisha DiRT Rally na F1 2017 katika mwaka 2017. Zilikuwa nzuri, lakini kila mchezo ulidai kazi mpya, na wanunuzi wa Linux walikuwa wachache.

Njia ya tatu ni kutafsiri. Wine ilianza mwaka 1993: mchezo unaomba kitu kwa lugha ya Windows, Wine inajibu kwa lugha ya Linux, na mchezo haujui kama umehama nyumba. Mwaka 2018 Valve iliongeza nguvu pale na kutoa Proton. Ghafla michezo mingi ilitembea bila kuandikwa upya.

Tulishinda basi? Ngoja kwanza. EA SPORTS WRC ilitoka mwisho wa 2023, na watu waliicheza kupitia Proton. Mwaka 2024 EA ikaongeza kinga ya kuzuia wadanganyifu, na kinga ile haikukubali Linux. Mtu aliyelipa feza yake akakuta mlango umefungwa, hata kama kompyuta yake haikubadilika hata kidogo.

Hapo ndipo historia hii inatugusa sisi tuliosoma. Proton ni daraja zuri, lakini daraja linafika kwenye nyumba ya mtu mwingine, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli usiku. TORCS haina sura nzuri kama michezo ya kampuni, ni kweli. Lakini ufunguo wake hauna bwana mmoja. Ndugu mwanafunzi wa informatiki au fizikia, ndani yake hesabu za tairi na breki ziko wazi, bila kulipa hata franka moja. Kucheza ni sawa. Kufungua na kuangalia namna inatembea ni sawa zaidi.