Nasaba Haitoshi: Malezi ya Afrika Mashariki katika Oman ya Baada ya 1970

Tumezoea kusoma kwamba Waomani waliotoka Afrika Mashariki walirejea kwao. Sultan Qaboos alitwaa madaraka Julai 1970, akawaita Waomani waliotawanyika ughaibuni, nao wakaitika, wakiwemo waliokimbia Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Hayo hayana ubishi. Ninachokipinga ni hoja inayojengwa juu yake: kwamba nasaba inatosha kutueleza watu hawa ni nani. Mtafiti Marc Valeri, katika makala yake ya 2007, ameeleza vizuri nafasi yao katika ujenzi wa taifa jipya. Hata hivyo, dola iliyowapokea haiwezi kueleza kile walichoingia nacho.

Tuchukue ukoo wa Barwani. Asili yake ni Ibra, katika Sharqiya ya Oman, na matawi yake yalienea Unguja, Lindi, hadi Ujiji alikotamba mfanyabiashara wa ukoo huo, Rumaliza, katika karne ya 19. Damu ingekuwa ndiyo yenye kauli, koo kama hizi zingetoa watu wa aina moja. Hazikutoa. Aliyekulia Ibra kabla ya 1970 alikulia katika nchi yenye shule tatu tu za kisasa, zote za wavulana. Binamu yake wa Unguja alikulia penye magazeti, vyama vya siasa, Kiingereza cha ofisini, na shule ya serikali ya wasichana tangu 1927. Wengine waliotoka Burundi walishuka Muscat wakizungumza Kifaransa. Ndiyo maana waliosomea Unguja waliingia haraka wizarani na katika kampuni ya mafuta, na wanawake wao wakawa miongoni mwa wa kwanza kufundisha na kushika kazi za ofisi. Kabila halikuwafundisha hayo. Mji uliowalea ndio uliowafundisha.

Nitaambiwa kwamba huo ulikuwa ubora wa tabaka na elimu ya kikoloni, wala si wa mahali. Kwa sehemu ni kweli: mwenye duka wa kijijini bara hakufika na cheti. Lakini naye alifika na Kiswahili, akakizungumza nyumbani na watoto waliozaliwa Muscat, na wali wa nazi ukabaki kwenye sinia ya wageni. Wenyeji, wakiwemo wa kabila lake mwenyewe, walimwita Mzinjibari hata kama hakuwahi kukanyaga Unguja. Walitambua mara moja jambo ambalo watafiti wa nasaba wanalipita: jina la ukoo lilikuwa moja, malezi yalikuwa mbalimbali.

Waliosoma Unguja kabla ya 1964 sasa ni wazee sana, na wanatutoka. Anayekwenda Muscat kuwahoji asianze na shajara ya ukoo. Aanze na mtaa: ni Malindi, Vikokotoni au Ng'ambo, shule ipi, baraza ya nani. Kabila aliulize baadaye.