Mgunda Mkali: njia ya watumwa na njia ya tarika

Baada ya mazungumzo ya wiki iliyopita, msikilizaji mmoja ameniletea ujumbe akitaka nieleze usufi ni kitu gani. Ombi hilo ni la haki. Lakini akaongeza mstari wa pili, nadhani kwa utani: mtu wa Itigi atajua nini juu ya usufi? Mambo hayo, anasema, ni ya Baghdad, na yakija huku kwetu ni ya Unguja, Lamu na Bagamoyo. Itigi ni stesheni na vichaka tu.

Basi nitaanza na hivyo vichaka.

Ukitoka Manyoni kuelekea Tabora unaingia katika kichaka kilichofungamana, kirefu kuliko mtu, ambacho kiangazi hukauka majani yote kikabaki fito tupu. Wataalamu wa mimea wamekipa jina la mji wetu, na wanasema kichaka cha namna hiyo hakipatikani ila hapa na katika sehemu ya kaskazini ya Zambia. Watu wa misafara ya zamani hawakungoja wataalamu. Nchi yote hii, tangu Ugogo inapokwisha mpaka kuingia Unyamwezi, waliiita Mgunda Mkali, yaani shamba kali. Ukali wenyewe ulikuwa ni kiu. Mzungu Burton, aliyepita mwaka 1857, alitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani mpaka Tabora, na Mgunda Mkali ni mojawapo ya sehemu zilizoogopwa sana na wapagazi wake.

Njia hiyo ilikuwa ni barabara kuu ya nchi. Kutoka Bagamoyo zilipanda nguo, shanga na bunduki. Kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ziliteremka pembe za ndovu kupitia Ujiji na Tabora. Wengi waliozibeba walikuwa wapagazi wa ujira, Wanyamwezi hasa, watu waliojivunia kazi yao, na ni kosa kudhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Lakini watumwa walikuwapo. Miongoni mwao walikuwamo watoto.

Mtoto mmoja wa Manyema, aliyezaliwa katika miaka ya 1850, alifikishwa Bagamoyo akawa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Aliitwa Yahya. Jina la babake aliyemzaa hatuna. Katika vitabu vya historia huandikwa Yahya bin Abdallah, na kila Mswahili anajua kwamba Abdallah, mja wa Mungu, ni jina alilopewa mtu ambaye babake hakujulikana au hakuulizwa. Yahya aliuza samaki. Akaweka akiba, akanunua mashamba ya minazi. Akasoma elimu ya dini mpaka akawa mwalimu, akapata ijaza katika tarika ya Kadiria, na watu wakamjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Waingereza walipouchukua mji wa Bagamoyo mwaka 1916, yeye ndiye aliyefanywa Liwali.

Naomba msomaji asimame kidogo hapo. Wajerumani walikuwa wametoa amri kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo Bagamoyo ilikuwa na Liwali aliyewahi kuwa mtumwa, katika nchi ambayo bado mtu aliweza kumiliki mtu. Waungwana waliokuwa wakimwagiza samaki sasa walimpelekea mashauri yao.

Fedha ya minazi ilisaidia, sikatai. Lakini fedha peke yake haikuwa ikimtoa mtu katika daraja lake pwani ile. Kulikuwa na matajiri ambao mpaka wanakufa watu waliendelea kunong'onezana asili yao. Kitu kilichombadilisha Sheikh Ramiya machoni pa watu ni kingine, na hapo ndipo ninapoweza kumjibu msikilizaji wangu, kwa sababu kitu hicho nilikiona nyumbani kwetu Itigi, ndani ya mkebe wa biskuti.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa gengi la reli. Reli ya kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912, ilipita karibu na njia ile ile ya misafara, na watu wa gengi walikuwa wakitembea kipande chao kila siku wakikaza na kupiga kilicholegea. Kabila lake babu aliandika Mnyamwezi. Lakini mama alisema baba wa babu alitoka mbali zaidi, akaachwa Kilimatinde akiwa mgonjwa, msafara ukaendelea. Ukiuliza zaidi ya hapo unaambiwa nenda kacheze. Nyumba nyingi za mkoa wetu na za Tabora zina neno kama hilo ambalo likifika hapo mazungumzo yanageukia mvua.

Ndani ya mkebe mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ilikuwa ni silsila, mlolongo wa majina: jina la babu, juu yake jina la khalifa wa Tabora aliyempa ijaza, kisha sheikh wa khalifa huyo, na kuendelea, mpaka kwa Sheikh Uwesi wa Barawa, mpaka Baghdad kwa Sheikh Abdulkadir Jilani aliyefariki mwaka 1166, na kutoka kwake mpaka kwa Mtume. Siku moja alinisomea yote bila kuitazama karatasi. Nilikuwa mdogo, nikamwambia, "Babu, kumbe ukoo wetu ni mrefu hivi!" Hakunisahihisha.

Nimesoma baadaye, kwa kadiri mtu wa redio anavyopata nafasi ya kusoma, namna usufi unavyoelezwa vitabuni. Mara nyingi huanza na mtu anayeacha kitu. Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkubwa wa chuo cha Nidhamia Baghdad, mwenye cheo na wanafunzi wengi. Mwaka 1095 ulimi ulimzibana, akashindwa kufundisha, akaona kwamba alikuwa akitafuta sifa akidhani anamtafuta Mungu. Akaacha kazi, akaenda Damascus, Yerusalemu na Makka, akakaa miaka mingi akiishughulikia nafsi yake. Ni kisa kizuri na nakiamini. Lakini babu yangu na Sheikh Ramiya hawakuwa na kiti cha kuacha. Walikuwa wameachishwa kila kitu na watu wengine kabla hawajapata akili ya kuchagua. Kwao tarika ilikuwa ni kupewa: kupewa sheikh, kupewa ndugu, kupewa majina ya kuhesabu kwenda nyuma mahali ambapo majina yao wenyewe yalikatika. Ghazali alijitenga na watu ili atafute. Hawa walitafuta kwa kukaa duara moja na watu.

Sheikh Uwesi bin Muhammad, aliyezaliwa Barawa mwaka 1847 na kusoma Baghdad, ndiye hasa aliyeipa nguvu Kadiria ya upande wetu. Alifika Unguja katika miaka ya 1880, Sayyid Barghash akampokea. Kutoka huko tarika ikaingia bara. Tabora ikawa kituo kikubwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 khalifa aliyejulikana sana huko alikuwa Sheikh Zahor bin Muhammad. Mbele yake ni Ujiji, Burundi na Kongo. Ukiitazama ramani utaona jambo la ajabu: dhikiri ilipanda kwa njia ile ile ambayo watumwa waliteremka. (Tarika ya Shadhilia nayo ilishika sana Kilwa na Visiwa vya Ngazija, lakini hiyo ni siku nyingine.)

Nisije nikaonekana napamba. Wapo wanaosema usufi ni upole mtupu, na wageni hupenda kutusifia hivyo. Sheikh Uwesi aliuawa mwaka 1909 huko Biolay, Somalia, na waliomuua walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan, wao wenyewe watu wa tarika, ya Salihia. Walitofautiana juu ya mambo ya dini na juu ya namna ya kukabiliana na wakoloni, na wote wawili silsila zao ziliishia kwa Mtume yule yule. Aliyekaa ndani ya duara hajawa malaika kwa kukaa tu.

Babu alilijua hilo kwa lugha ya kazi yake. Nilimwuliza kwa nini anarudia maneno yale yale kila usiku, na mimi shuleni mwalimu ananikataza kurudia. Akasema reli haipindi siku moja. Jua huisogeza kidogo, treni huisogeza kidogo, kwa jicho huoni kitu, mpaka siku behewa linapolala ubavu. Ndiyo maana gengi hutembea kila siku, hata siku ambayo hakuna treni. Na moyo ni hivyo hivyo, uradi ndiyo nyundo yake. Nimewahi kusikia wasomi wakieleza daraja za nafsi, ile inayoamrisha maovu, ile inayojilaumu na ile iliyotulia, na kila mara nyuma ya maneno yao huwa nasikia nyundo ikigonga chuma.

Alifariki mwaka 1996, nami nikiwa kidato cha pili. Wazee wenzake wa tarika walikuja kwa treni kutoka Tabora na dufu zao na bendera. Binamu yangu mmoja alikuwa amerudi kutoka masomoni mjini, akasimama mbele yao akasema, kwa adabu lakini bila kuyumba, kwamba halka ya dhikiri msibani ni bidaa, Mtume hakufanya, na babu atasumbuliwa kaburini kwa ajili yetu. Hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma kuliko sisi sote, na hoja yake mpaka leo ina watu wengi. Wajomba wakagawanyika. Mama akalia, akasema mnagombana mzee hata hajaoshwa.

Mzee mmoja wa Tabora, mfupi, mwenye kofia iliyochoka, alimsikiliza binamu mpaka akamaliza. Kisha akamwambia, "Mwanangu, nitajie babako." Akamtaja. "Babu yako?" Akamtaja marehemu. "Na babake?" Binamu akanyamaza. Mzee akasema marehemu naye alikuwa akinyamaza hapo hapo, mpaka siku alipopewa karatasi. Hakusema zaidi. Wakakubaliana halka iwe uani, si msikitini, na atakayetaka akae, asiyetaka asilazimishwe. Dhikiri ilikwenda mpaka alfajiri. Binamu hakuingia katika duara, lakini ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea babu.

Mimi ijaza sijachukua. Nimeulizwa mara nyingi, na jibu langu hubadilika. Wakati mwingine nasema kazi za redio hazina saa. Wakati mwingine nasema mimi nina jina la baba na la babu na cheti cha kuzaliwa, sina pengo alilokuwa nalo yeye, ingawa siku nikirudi nyumbani peke yangu baada ya kusoma taarifa ya habari ya usiku, jibu hilo hulegea.

Bagamoyo nimefika kwenye ziara. Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931, mwanawe Muhammad akashika nafasi yake, akawa pia mmoja wa walioiunga mkono TANU wakati wa kudai uhuru, na watu hawajaacha kukusanyika. Nilikwenda na kinasa sauti begani, kama mwandishi. Mzee aliyekaa mwisho wa mkeka aliniuliza, "Wewe wa nani?"

Zamani, katika mji ule, mtumwa ndiye aliyeulizwa hivyo, naye alijibu kwa kumtaja bwana wake. Katika tarika swali ni lile lile, na mtu hujibu kwa kumtaja sheikh wake. Nilifungua mdomo nimtaje mkurugenzi wangu wa vipindi. Badala yake nikataja jina la babu, na la khalifa aliye juu yake, na la anayefuata. Nilifika jina la nne nikakwama. Mzee akalitaja la tano, akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka.